Minazi Kati ya Mikindu

Mwanarusi alikuwa amekaa eda, na mwanamke aliyekaa eda ulimwengu wake ni kuta nne. Tangu mumewe, mzee Habib, alipozikwa, hakuvuka kizingiti cha mbele hata mara moja; safari yake ilikuwa chumbani, jikoni, uani, na kurudi chumbani. Alivaa nguo nyeupe. Hakujifukiza udi, hakujipaka mafuta mazuri, wala hakuonekana na mwanamume anayeweza kumuoa. Ndivyo alivyokaa mamake, ndivyo alivyokaa bibi yake, naye hakutaka kuwa wa kwanza kuvunja. Miezi minne na siku kumi si mingi kwa mtu aliyeishi na mume umri mzima, hilo alilijua. Lakini mchana jua likipiga mabati na nyumba ikawaka kama tanuri, alijiona kama kuku aliyefunikwa tenga: nje aiona kwa matundu, kutoka hatoki.

Tundu lake lilikuwa dirisha la mbao la chumba cha nyuma. Hapo aliweka mkeka wake, akasuka ukili huku akitazama mto Mkinduni, kijito kinachopita huku kwao Likoni na kushuka polepole hadi kwenye mikoko. Alipokuwa mwari, maji yake yalionyesha mchanga wa chini na vidagaa vikikimbizana. Siku hizi yalionyesha chupa za plastiki, ndara moja moja na pampasi zilizovimba kama maandazi. Ila ukingo wa huku bado ulikuwa na mikindu yake, mingine mirefu kupita paa, mingine vichaka vya miiba vinavyochoma kama nge.

Kile kipande cha ukingo kilikuwa chake. Si cha Habib, chake yeye. Siku ya ndoa Habib hakuwa na pesa wala kipuli, alikuwa na kile kipande alichopewa na babake, akakitamka kuwa mahari mbele ya watu waliojaa barazani. Tangu hapo Mwanarusi alikata ukindu pale, akauchemsha, akautia rangi, akasuka mikeka ya kulalia na ya kuswalia, na hakuna mwanamke wa jirani aliyekuja kuomba ukindu akarudi mkono mtupu. Kila mtu alijua kuwa ni mahari ya Mwanarusi. Lakini kujua kwa watu ni kama maji ya kisima: yamo, ila hayapandi juu mpaka mtu ateke.

Alasiri hiyo alisikia viatu vikija mbio uani.

"Hodi, mama mkubwa! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema hivyo? Umefukuzwa na mbwa?"

Alikuwa Ruwaida, binti wa mdogo wake, msichana aliyesomea mambo ya mazingira chuoni, na ambaye yeye na wenzake ndio walioanzisha Siku ya Mto. Alijitupa mkekani, akavua mtandio, akajipepea nao.

"Nimefukuzwa na furaha. Kesho, inshallah, Mkinduni hautajijua. Asubuhi tutazoa taka. Madrasa yaja na dufu. Naibu wa chifu yuwaja, na watu wa redio. Kisha twapanda miti! Na wajua nani katoa miche? Ami Mwinyihaji. Lori zima la miche ya minazi, hata shukrani hataki."

Mwinyihaji alikuwa ndugu yake marehemu Habib. Kidole cha Mwanarusi kilisimama katikati ya ukili.

"Minazi," alisema. "Itapandwa wapi?"

"Hapo hapo kwako, penye mikindu. Ng'ambo kuna mawe."

Mwanarusi aliweka ukili chini taratibu. Wageni hawalijui jambo hili, lakini aliyezaliwa pwani hafundishwi: ardhi yaweza kuwa ya huyu na minazi ikawa ya yule, na watu wamepelekana kwa kadhi na kwa chifu kwa sababu ya mnazi mmoja uliozeeka. Anayepanda mchicha ni mgeni, kesho hung'olewa. Anayepanda mnazi ametia mguu, na mguu huo hautoki, watakuja kuukalia wajukuu zake. Na minazi hiyo ikipandwa mchana kweupe, siku ya sherehe, na mji mzima, basi kila mkono ulioshika mche utakuwa umetoa ushahidi kwamba pale pana minazi ya Mwinyihaji.

Alimweleza Ruwaida yote hayo kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha mtoto sura mpya. Ruwaida alicheka.

"Mama mkubwa, hayo ya zamani! Siku hizi watu waangalia hati."

"Hati ya kipande hiki umeiona wewe?"

Ruwaida aliacha kujipepea. "Sijaiona."

"Wala mimi. Wala Mwinyihaji. Basi kilichobaki ni nini kama si miti na midomo ya watu?"

"Lakini bango lishaandikwa jina lake. Nitamwambiaje?"

"Mwambie kwa adabu. Minazi ipandwe ng'ambo, huku pabaki mikindu. Mikindu nayo si miti?"

Ruwaida alikwenda, shingo upande. Mwanarusi alirudi dirishani. Tangu mazishi, Mwinyihaji alikuwa akileta maneno yake kidogo kidogo: mara kile kipande ni cha marehemu baba, mara Habib hakuwa na idhini ya kukitoa. Na kila jioni alimletea chakula. Wali, samaki wa kupaka, siku nyingine mbaazi za nazi, chano kimefunikwa kawa safi. Ukila cha mtu kila jioni, ulimi hujifunza kulala.

Jua lilipoanza kulegea, alikuja mwenyewe. Alisimama barazani, upande wa pili wa pazia la mlango, na Mwanarusi akaketi ndani, upande wake. Alichokiona cha shemejiye ni makubazi mapya ya ngozi na vidole viwili vikubwa vinavyochezacheza.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, shemeji. Nimo ndani."

"Habari za eda?"

"Alhamdulillahi, twashukuru."

"Chakula chafika?"

"Chafika. Mungu akuzidishie."

Vidole vilitulia. "Nimeambiwa hutaki mto upandwe miti."

"Sikusema hivyo, shemeji. Nimeomba minazi ipandwe ng'ambo."

"Ng'ambo mawe. Mnazi huota juu ya jiwe?"

"Basi huku paongezwe mikindu."

"Mikindu!" Mwinyihaji alicheka cheko la mtu aliyeshiba. "Miiba mitupu. Watoto wa shule waje wapande miiba? Shemeji, kesho kuna watu wa serikali. Wataka nisimame mbele yao niseme mjane wa ndugu yangu amekataza miti? Au utatoka ukaseme mwenyewe?"

Mwanarusi aliinamia upindo wa leso yake, akaukunja na kuukunjua.

"Tulia, shemeji," Mwinyihaji alisema, na sasa sauti ilikuwa laini kama tui. "Kaa eda yako. Mambo ya nje tuachie sisi. Chano kitakuja baada ya magharibi, leo kuna samaki changu."

Makubazi yakageuka, yakaondoka. Kile chano kilikuja kweli, na yule changu alikuwa amepikwa vizuri. Mwanarusi alimla, na kila tonge lilishuka kama linavutwa kwa kamba.

Siku ya pili watu walianza kufika umande haujakauka. Jirani yake Dhahabu, mwanamke wa Kigiriama anayepika mahamri pale njia panda, aliingia uani na sufuria ya pilau iliyokuwa ipikwe huko, kwa kuwa nyumba ya Mwanarusi ndiyo iliyokuwa karibu na mto. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kumenya vitunguu, na Mwanarusi akamsimulia yote kupitia mlango wa jikoni.

"Huyo bwana ataka shamba na mwenye shamba," Dhahabu alisema. "Wewe ngoja utoke eda. Posa itafika kabla hujamaliza kukoga."

"Astaghfirullah, Dhahabu!"

"Waniambia astaghfirullah mimi, mwambie yeye! Ningekuwa wewe ningetoka na huu mwiko."

"Wewe hujui eda."

"Sijui? Mimi nikifiwa nitalia siku tatu, ya nne nakanda unga. Tumbo halina eda, dada."

Mwanarusi alicheka, cheko la kwanza tangu msiba, kisha akajificha uso kwa leso kwa haya. Cheko lilipokwisha, kuta zilikuwa pale pale.

Alizipima njia zake moja moja. Akitoka nje, watasema mchanga wa kaburi haujakauka naye keshashuka mtoni kugombea shamba, na baada ya hapo neno lolote atakalosema litakuwa neno la mwanamke aliyemvunjia mumewe heshima. Akimtuma Ruwaida kusema, watu watasema hayo ni mambo ya jamaa, yangoje, na yakingoja minazi itakuwa ishaingia ardhini. Akinyamaza, minazi itaota. Kila mlango alioushika ulikuwa na Mwinyihaji amesimama upande wa pili, na makubazi yake.

Nje sherehe ilikuwa imepamba moto. Vijana wenye fulana za buluu walikuwa majini hadi magotini, wakivuta mifuko iliyonasa kwenye mizizi; mmoja aliibua mlango wa jokofu akaubeba kichwani kama bibi harusi amebeba taji, na watu wakampigia vigelegele. Dufu lilidunda. Watoto wa madrasa waliimba kasida ya kuyasifu maji. Ilikuwa sherehe nzuri, wallahi, na Mwanarusi aliipenda, na kuipenda huko ndiko kulikomuuma. Mto ule aliutakia mema kuliko wote waliokuwa pale. Na hawa waliokuja kuuponya ndio waliobeba majembe ya kumtoa.

Ndipo aliposikia panga.

Aliusukuma ubao wa dirisha. Vijana wawili walikuwa wakifyeka katikati ya mikindu ili kupata nafasi ya mashimo. Mkindu mmoja mrefu, ule uliokuwa ukimpa ukindu mwembamba wa mikeka ya kuswalia, ulitikisika, ukainama, ukaanguka kwa kishindo juu ya wenziwe. Mwanarusi aliuma upindo wa leso mpaka nyuzi zikakatika.

"Acheni!" Ilikuwa sauti ya Ruwaida, anakuja mbio, mtandio umeanguka mabegani. "Nani kawaambia mkate miti Siku ya Mto?"

"Ami Mwinyihaji katwambia tusafishe," kijana mmoja alijibu, panga likimning'inia. "Miiba hii."

Ruwaida aliutazama ule mkindu chini, akayatazama mashimo yaliyopangwa kwa mstari, yameingia ndani ya kipande kama uzi wa mpaka. Kisha alikuja dirishani. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Mama mkubwa, wallahi sikujua. Nilidhani ni maneno tu."

"Sasa umejua." Mwanarusi alimshika vidole kupitia upenyo wa dirisha. "Maalim Anwar wa madrasa ashafika?"

"Yuko chini ya turubai. Atasoma dua, kisha waanze kupanda."

"Mwendee. Muulize: mwanamke aliyekaa eda aweza kutoa wakfu?"

Ruwaida alirudi nyuma hatua moja. Wakfu aliujua, msikiti wao ulikuwa wakfu, na makaburi pia. Kitu kikishatolewa wakfu kwa ajili ya Mungu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakina mwenyewe tena milele.

"Ukikitoa wakfu hutakuwa nacho!"

"Najua."

"Basi utakuwa umekiokoa vipi?"

"Nani kakwambia najiokolea mimi?" Mwanarusi aliushika ubao wa dirisha. "Mwinyihaji atakikosa, nami nitakikosa. Lakini kitabaki. Nenda, mwanangu, kabla dua haijakwisha."

Ruwaida alikwenda. Mwanarusi alimwona akiinama nyuma ya kiti cha Maalim, akamnong'oneza. Maalim Anwar, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliinua kichwa, akatazama nyumba. Kisha alinyanyuka, akaja taratibu hadi chini ya dirisha, akasimama ameupa ukuta mgongo, kama mtu aliyekuja kutafuta kivuli.

"Bi Mwanarusi, nimesikia," alisema. "Eda imekuzuia kutoka na kuolewa. Haikumfunga mdomo mwenye mali. Lakini fikiri. Neno la wakfu likitoka halirudi."

"Nimefikiri, Maalim. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, kazi nyingine sina."

Maalim alitabasamu ardhini, akarudi turubaini. Punde Dhahabu alitokea kwenye kona ya nyumba, amekumbatia kitu ndani ya leso kama aliyeiba kuku. Alikipitisha dirishani. Kilikuwa kipaza sauti cha sherehe kisicho na waya, Ruwaida amemkabidhi.

"Bonyeza hapo pekundu," alinong'ona. "Na usikohoe, chasikika mpaka feri."

Mwanarusi alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kilinuka jasho la watu. Akabonyeza.

"Assalaam alaikum."

Sauti ilitoka kwenye spika iliyofungwa mtini, ikavuka mto, ikamrudia kama ya mwanamke mwingine aliyesimama ng'ambo. Watu waligeuka huku na huko wakimtafuta msemaji. Dufu likakatika.

"Mimi ni Mwanarusi, mjane wa Habib. Mnisamehe, nimo ndani, sina ruhusa ya kutoka. Nina neno la shukrani tu." Alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. "Shemeji yangu Mwinyihaji amenitazama katika msiba wangu. Kila jioni amenilisha. Na leo ametoa miche yote hii kwa ajili ya mto. Mwenyezi Mungu amlipe."

"Amin," watu waliitikia. Mwanarusi alimwona Mwinyihaji pale mbele, kanzu yake yameta, akiitikia kwa kichwa. Alianza kutabasamu.

"Nami nimeona haya kushindwa kwa ukarimu na shemeji yangu. Kipande hiki mnachokikanyaga ni mahari yangu. Nikaha yangu ilifungishwa na marehemu babake Maalim Anwar, na wazee walio hapo wanajua. Leo, mbele yenu, nakitoa wakfu. Ardhi yake, mikindu yake, na hiyo minazi ya shemeji mtakayoipanda. Asiuze mtu. Asirithi mtu. Asijenge mtu. Mwanamke mwenye haja ya ukindu na akate, mwenye kiu ya dafu na anywe. Na mto upite na kivuli chake. Mashahidi ni nyinyi."

Maji yakasikika kwenye mawe ya ng'ambo. Tabasamu la Mwinyihaji lilikuwa limekwama usoni, halipandi wala halishuki. Maalim Anwar alimgeukia.

"Ndugu yetu Mwinyihaji. Miche hii umeitoa kwa ajili ya Mungu?"

Mtu wa redio alisogeza kinasa sauti chake. Naibu wa chifu alikuwa ameshika mche mmoja mkononi, anangoja.

"Kwa..." Mwinyihaji alikohoa. "Kwa ajili ya Mungu, ndiyo. Kwa nini tena?"

"Allah akutakabalie. Na juu ya kipande hiki alichokitoa mwenyewe, una neno?"

Mwanarusi alisogea karibu na upenyo. Kama ana neno, ni sasa; na kama ana neno, atalisema mbele ya mji wote, dhidi ya mjane aliyemo ndani ya nguo nyeupe, ambaye dakika ile ile amemshukuru. Mwinyihaji aliyatazama makubazi yake.

"Sina neno," alisema.

"Tusome Fatiha."

Vigelegele vya wanawake vilipanda kutoka uani, cha Dhahabu kikiwa cha juu kabisa, na dufu likarudi kwa nguvu. Walipanda minazi. Walipanda na vichipukizi vya mikindu vilevile, maana Ruwaida alisimama juu ya yale mashimo akawagawia vijana kazi kama sajini. Ule mkindu uliokatwa, wanawake waligawana makuti yake pale pale.

Mwanarusi alikuwa ameketi chini ya dirisha, kipaza sauti mapajani. Alikuwa amengoja moyo uwe mwepesi. Haukuwa mwepesi. Alimfikiria Habib siku ile ya nikaha, alivyotamka kile kipande kwa sauti kubwa kupita kiasi, kijana asiye na kingine, jasho likimtoka chini ya kofia. Kitu cha pekee alichopata kumpa kilicho chake mwenyewe. Akalia kwa muda, bila sauti, na chumba kilikuwa kidogo vile vile kama jana.

Jioni hiyo chano hakikuja. Alingoja mpaka baada ya isha, si kwa njaa bali kwa kutaka kujua, kisha akala pilau baridi aliyoachiwa na Dhahabu.

Siku ya tatu yake asubuhi, wanawake wanne walishuka mtoni na visu. Mmoja wao alisimama chini ya dirisha, kama walivyozoea miaka yote.

"Hodi, Bi Mwanarusi! Twaomba kukata ukindu."

Alifungua mdomo kujibu vile alivyojibu umri wake wote, kateni wanangu, nimewapa. Maneno yalifika kwenye meno yakasimama.

"Msiniulize mimi," alisema. "Kateni. Ila msimalize moyo wa mti, muuachie majani ya kupumulia."

Aliwasikiliza wakikata na kusutana, mmoja kachomwa mwiba, wenzake wanamcheka. Eda ilikuwa bado ndefu. Mara mkono wa Dhahabu ukaingia dirishani na tita la ukindu mbichi, ukalitua sakafuni.

"Hili fungu lako. Au eda imekuondolea na haja?"

"Wewe Dhahabu, ulimi wako utakuja kukutoa roho."

"Utoke basi unizike. Ah, nilisahau, huruhusiwi."

Mwanarusi alicheka, na safari hii hakujifunika uso. Alifungua tita, akatandaza majani juani, pale jua la dirishani lilipofika. Jani moja jembamba aliliacha mkononi. Akaokota ukili alioutua siku ile Ruwaida alipokuja mbio, akautafuta mwisho wake kwa vidole, akalichomeka lile jani bichi kati ya makavu, akaendelea kusuka.